Kope za Mkamwana

Wifi yangu Rhoda ana sauti ya kunadi mitumba, na siku ya msiba wa mama mkwe aliitumia bila kujibana. Tulikuwa nyuma ya nyumba kule Butiama, wanawake tumekaa juu ya mikeka na vigoda tunachambua maharage, tunasubiri gari lililokwenda Musoma kuuchukua mwili hospitali. Wake wapya wa ukoo, mabinti ambao nusu yao sijawashika majina, walikuwa wamekaa upande wangu. Rhoda akaninyooshea mwiko. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mkamwana aliyekuwaga anasifiwa na mama. Siku walipokwenda kumwangalia kwao Guta, hakuinua macho tangu wageni wanafika mpaka wanaondoka. Nyie siku hizi mnamwangalia baba mkwe kama mnamkagua meno." Mabinti wakacheka kwa adabu, wakanitazama kama watu wanaoonyeshwa chungu cha bibi. Mimi nikainamia maharage yangu, nikacheka kimoyomoyo. Waliojua kisa chenyewe tulikuwa watatu tu: mimi, mume wangu Magesa aliyekuwa mbele na wanaume wakisimamia kaburi, na marehemu mwenyewe, ambaye alikuwa njiani ndani ya gari.

Mwaka ule nilikuwa naishi Musoma, mtaa wa Kitaji, kwa shangazi Perpetua, dada mkubwa wa baba yangu. Tulikuwa na chumba kimoja ambacho kuta zake hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa kwa jirani kilituangukia sisi na chetu kiliwaangukia wao. Shangazi alikuwa anauza dagaa sokoni, na chumba chote kilinuka dagaa, hata mto wa kulalia, hata sanamu ya Bikira Maria iliyokaa juu ya redio. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo, mweusi kidogo, mzito, na sato siku za neema. Siku zisizo na neema tulikula furu, samaki wadogo wenye miiba mingi kuliko nyama, na shangazi alinikataza kuongea wakati wa kula furu ili nisife kabla ya kuolewa. Nilikipenda chumba kile. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, najifunza ushonaji kwa Fundi Hamisi karibu na soko, na sitajifanya mnyenyekevu: nilikuwa hodari. Mshono wangu ulinyooka. Wateja walianza kuuliza yule binti wa Guta yupo, na Fundi Hamisi, mzee wa Kiislamu mwenye utani mwingi, alisema amefuga nyoka atakayemmeza na cherehani yake.

Ugonjwa ulianza na kope la jicho la kushoto. Asubuhi lilikuwa zima kabisa. Kufika saa nane mchana lilianza kushuka, na jioni lilikuwa limeshafunika nusu ya jicho. Halikuuma wala kuwasha. Nikilala, asubuhi liko juu, nami najiambia nimepona. Baadaye la kulia nalo likafuata mkumbo, na vitu vikaanza kuwa viwili. Niliona sindano mbili, uzi ninao mmoja, na mara zote nilichagua ile ambayo haikuwepo. Siku moja nilishona pindo la sketi ya shule likapanda mpaka karibu na mfuko. Fundi Hamisi aliigeuza sketi ile juu chini, akaniuliza kwa upole kama mwenye sketi ana mguu mmoja mfupi. Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni nikalia. Jioni nikiwa kitandani nilimsikia shangazi upande wa pili wa ukuta akimweleza jirani kwamba siku hizi Vero anarudi amesinzia kama mlevi, na jirani akasema binti akianza kusinzia mchana ujue ana mtu. Mtu nilikuwa naye kweli. Lakini yeye hakuwa na kosa lolote katika kope zangu.

Huyo mtu ndiye Magesa, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Butiama, aliyekuja kushonesha suruali moja akairudisha mara tatu kwa visingizio ambavyo hata Fundi Hamisi alivionea haya. Tulipokubaliana, wazazi wake wakasema watakuja Guta kuniona. Guta ni kwetu, hapo karibu na mji wa Bunda, na nyumbani walipika kana kwamba anakuja askofu. Mimi niliomba waje asubuhi. Nilijua macho yangu yana saa zake. Lakini gari lao liliharibika njiani, wakafika jua limeshageuka, na kope zangu zote mbili zilikuwa chini. Mtu mwenye kope zilizoshuka ana njia mbili tu. Anaweza kurudisha kichwa nyuma ili aone kupitia uwazi uliobaki, na hapo anaonekana ana dharau ya kutisha. Au anaweza kuinamisha kichwa na kuachana na habari za kuona. Nilichagua ya pili. Niliingia na birika la maji ya kunawa, nikafuata sauti. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, nikamwagia maji vivuli vya mikono, na namshukuru Mungu kwamba sikumlowesha mtu. Nilikaa pembeni macho yanatazama sakafu mpaka wageni walipoaga. Nilijua nimeharibu kila kitu.

Kumbe nilikuwa nimefaulu mtihani. Magesa alinieleza wiki iliyofuata, huku akijizuia kucheka, kwamba mama yake amerudi Butiama anasimulia kila nyumba. Amepata mkwe asiyeinua macho mbele ya wakwe. Msichana wa mjini, fundi cherehani, na bado ana haya kama wasichana wa zamani. Baba yake, mzee Wambura, mtu wa maneno machache, alikuwa amesema neno moja tu, kwamba huyo anafaa, na ng'ombe wakaanza kuzungumzwa. Nilimwambia Magesa ukweli palepale. Akanishika kidevu, akaniinua uso kwenye mwanga wa mlango, akasema twende hospitali. Sijawahi kumwambia kwamba nilimpenda kwa suruali ile iliyorudi mara tatu, lakini nilikubali kuolewa naye kwa neno lile.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwembamba aliyezungumza polepole. Aliniambia nitazame dari bila kupepesa. Nilitazama, na kope zikaanza kushuka zenyewe mbele yake, taratibu, kama turubai la duka jioni. Kisha akamtuma muuguzi akalete barafu. Musoma barafu si shida, wanunuzi wa sangara wanaishi nayo, na muuguzi alirudi na kipande chenye harufu ya samaki. Wakakitia ndani ya glavu ya mpira, wakaniwekea juu ya jicho lililofumba, nikasali Baba Yetu na Salamu Maria chache za kutosha. Walipoitoa, kope lilisimama. Lilisimama kwa muda mfupi, lakini lilisimama. Magesa, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa sauti ndogo, "Vero, jicho lako hilo." Daktari akaeleza kwamba kinga ya mwili wangu imekosea adui, inazuia amri za mishipa ya fahamu zisifike kwenye misuli, na kwangu imeanzia kwenye macho. Misuli ikitumika inachoka, ikipumzika inarudi, ndiyo maana asubuhi nilikuwa mzima. Ugonjwa unaitwa miastenia, jina ambalo Fundi Hamisi alilichukua na kulifanya mtu, akawa ananiuliza kila siku Mama Stenia ameamkaje. Nilipelekwa Mwanza kwa vipimo vya damu na picha ya kifua, nikapewa vidonge vya kwanza vilivyonisaidia saa chache na kunisumbua tumbo siku nzima, na mwishowe daktari akaniandikia steroidi, dawa za kuituliza hiyo kinga ya mwili. Alinionya kwa maneno ambayo nimeyarudia maisha yangu yote. Nianze na kidogo, nipande polepole, nimeze asubuhi baada ya kula, na nisiache ghafla hata kama malaika ataniambia niache, kwa sababu mwili unakuwa umeshaegemea dawa na ukiinyang'anya unaanguka. Tena ugonjwa huu, akasema, ukipata nafasi unaweza kushuka kwenye koo na kifua.

Hakuna aliyenionya vya kutosha juu ya njaa. Chumvi na sukari daktari aliniambia nipunguze, sawa, lakini njaa ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mtu mwingine mwenye mwili mkubwa aliyehamia ndani yangu bila kubisha hodi. Nilikula ugali wangu, nikala ukoko, nikaanza kuutazama wa shangazi. Tuligombana kwa ajili ya kichwa cha sato, mimi na mwanamke aliyenilea ujana wangu, na nilikuwa mkali mpaka jirani akagonga ukuta. Nilikuwa na hasira za haraka na usingizi mwepesi. Uso ukaanza kuvimba mashavuni mpaka ukawa wa duara, daktari akasema ndivyo dawa inavyofanya. Sokoni waliniambia nimenawiri, kwamba mji umenikubali. Wengine walinitazama tumboni kabla ya kunisalimia. Lakini baada ya wiki kadhaa, jioni moja, nikiwa nafunga kazi, niligundua kwamba nimetunga uzi kwenye sindano bila kufikiri. Sindano ilikuwa moja. Nikaitungua, nikaitunga tena. Fundi Hamisi akauliza ninafanya nini, nikamwambia ninacheza. Furaha ile sijaipata tena hata siku ya harusi, na Magesa akisoma hapa anisamehe.

Basi nikaitwa Butiama. Mtoto wa kwanza wa Rhoda alikuwa anabatizwa, na desturi ilitaka mchumba aje asaidie jikoni ili wamwone anavyoshika mwiko. Nilikwenda nimejiamini. Nilikuwa na macho mawili yanayofanya kazi mpaka jioni, na nilitaka kuwaona hawa watu ambao sikuwahi kuwaona vizuri. Nikamsalimia mama mkwe nikimtazama. Nikamsalimia mzee Wambura, na hapo macho yangu, kwa furaha yake ya kusimama, yalikaa usoni kwake muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Mzee akageuza uso. Baadaye nilitumwa stoo kuchota unga wa ulezi, na kupitia ukuta wa matete nikamsikia mama mkwe akizungumza na mdogo wake. Walizungumza Kizanaki. Kwetu Guta tunasema lugha nyingine, lakini lugha za Mara ni ndugu, na yaliyonihusu niliyashika yote. Huyu si yule tuliyemwona, alikuwa anasema. Yule alikuwa na haya. Huyu ana macho makavu, anamkazia mzee macho, na huo uso uliovimba, ama ni mimba ama mji umeshamharibu. Mzee ameuliza mara mbili kama hatukudanganywa. Mdogo wake akasema bado mapema, ng'ombe hawajatoka zizini.

Nilisimama na bakuli la unga, na niliogopa. Nasema hivi kwa sababu wanangu wanadhani mama yao hakuwahi kuogopa kitu. Nilimpenda Magesa, na nilijua kwamba mwalimu wa shule hawezi kuoa dhidi ya neno la baba yake hapo hapo kijijini kwake. Dawa zangu zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge, nikajikuta nazishika. Nilifikiri jinsi ilivyo rahisi. Siku chache tu bila vidonge, na kope zingerudi chini zenyewe, na heshima yote ningeipata bure.

Nilipotoka stoo, mama mkwe alikuwa peke yake jikoni, anakoroga uji kwenye chungu kikubwa, moshi umemzunguka. Hakuwa mwanamke mbaya. Alinikaribisha kwenye kigoda, akaniuliza kuhusu uso wangu, nikamwambia ni dawa. Akauliza ni za nini, nikamwambia za macho. Akafikiri. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hizo dawa zimekubadilisha. Ziache kwanza mpaka harusi ipite. Nipe mimi nikutunzie." Na akanyoosha mkono, kiganja juu, mkono wa mama anayetaka kumsaidia mtoto abebe mzigo. Niliutazama mkono ule. Nikafikiria sindano, ile moja.

"Siwezi, mama," nikasema. "Nikiziacha ghafla naweza kuanguka nisiinuke. Na siku ile Guta haikuwa heshima. Kope zangu zilikuwa zinaumwa, zilianguka zenyewe. Hata ningetaka kukutazama vizuri nisingeweza."

Aliuvuta mkono wake taratibu. "Kwa hiyo siku ile hukuniona?"

"Nilikuona, mama. Ila niliwaona wawili."

"Wawili?"

"Mmoja hapa, mwingine pembeni yake. Sikujua mama mkwe wangu ni yupi."

"Sasa ulimpigia magoti yupi?"

"Nilipiga magoti katikati."

Aliacha kukoroga, uji ukaanza kushika chini ya chungu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka akakaa chini kwenye gogo la kuni na kujifuta macho kwa kitenge. Alirudia peke yake, katikati, katikati, kama mtu anayeonja chakula kigeni. Alipotulia, alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike, na uso wake haukuwa na mzaha. "Na leo unaniona wangapi?"

"Mmoja."

"Basi," akasema. Akasimama, akauinua mwiko, akauliza dawa hizo humezwa kabla ya kula au baada. Nikamwambia baada, asubuhi. Akasema kesho asubuhi atanipikia uji wa ulezi yeye mwenyewe, usio na sukari.

Jioni ile wageni walijaa sebuleni. Nilikuwa natoka jikoni na sinia la nyama nikamsikia mzee Wambura, mbele ya ndugu zake wote, akimuuliza mkewe huyu binti amefunzwa wapi kuwatazama watu hivyo. Nikasimama pale kwenye ujia, sinia linanichoma mikono. Sikuwa na pa kurudi. Mama mkwe akajibu kwa Kiswahili, polepole, ili hata wageni waelewe, "Nimemwambia mimi atazame. Nyumba hii nataka mtu anayeona." Mzee akaomba nyama. Niliingia, nikapiga magoti, nikaliweka sinia mbele yake. Nilitaka kulia, lakini mikono ilikuwa inauma zaidi.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Kwenye picha nina mashavu ya duara, na wanangu walipokuwa wadogo walidhani yule ni shangazi yao. Dawa nilizipunguza kwa miaka, kidogo kidogo, daktari akiniongoza. Mara moja tu, nilipopata malaria, kope lilishuka tena, tukapandisha dozi, likarudi. Leo nameza kidonge kidogo kila asubuhi na kupima sukari na presha, na mshono wangu bado umenyooka, Bunda nzima ni shahidi. Miaka yote tuliyoishi Butiama, mama mkwe alisimama mlangoni kwake kila asubuhi na kuuliza kwa sauti ya uani nzima, "Vero, umekula? Umemeza?" Tulipohamia Bunda aliuliza kwa simu. Na bado aliendelea kuwasimulia watu ile hadithi ya binti wa Guta asiyeinua macho. Nilimuuliza siku moja kwa nini anadanganya watu. Alinijibu kwamba wanaume walitoa ng'ombe kwa sababu ya kope zangu, je, nataka wadai warudishiwe? Nimewaona wazee wengi wakidai heshima kwa watu wasiowajua. Yeye heshima yangu aliniwekea akiba kwa watu, akanilindia, halafu mimi na yeye tukiwa wawili jikoni tukatazamana kama binadamu. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyomwambia.

Gari likafika. Wanaume waliliingiza jeneza sebuleni, wakafunua sehemu ya uso, na sisi wanawake tukapanga mstari wa kuaga. Rhoda, sauti yake imekatika sasa, aliwanong'oneza wale mabinti wapite macho chini, wasimkazie macho mama mkwe, wamuige Vero. Zamu yangu ikafika. Sikuinama. Nilisimama sawasawa mbele yake, nikamtazama, mashavu yaliyokonda, mdomo uliofungwa kama wa mtu aliyezuia kicheko. Nikasema shikamoo mama. Machozi yakaanza kumgawa wawili, mmoja hapa, mwingine pembeni yake. Nikayafuta kwa pindo la kitenge, watu wa nyuma wakisubiri, nikamtazama tena mpaka akawa mmoja.